Msumeno wa upinde au mashine ya skrolisoo: uanze na kipi ukitaka kukata nakshi za kutoboa?

Anayetaka kuanza kukata nakshi za kutoboa hukutana na swali moja kabla hata hajagusa ubao: anunue msumeno wa mkono, au ajibane anunue mashine? Wengi huamua kwa kutazama mfuko tu. Mfuko una haki yake, lakini kuna mambo mawili ya kuyatazama kabla yake: ubao wako utakuwa na unene gani, na nakshi yako ina matundu mangapi ya ndani. Hili la pili ndilo linaloamua karibu kila kitu, na ndilo ambalo muuzaji dukani hakuulizi.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Milango ya Mji Mkongwe na ya Lamu ni kazi ya patasi. Fundi huondoa mbao kidogo kidogo mpaka ua au mnyororo uinuke juu ya uso wa ubao, na nyuma yake ubao unabaki mzima. Nakshi ya kutoboa ni kazi nyingine. Hapa msumeno hupenya upande wa pili, kipande kinadondoka na mwanga unapita. Iangalie Zahanati ya Zamani pale Mizingani, Unguja, jengo ambalo mfanyabiashara Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 na likakamilika 1894. Roshani zake zimepambwa kwa mbao za mtindo wa Kihindi, na ukisimama chini yake ukatazama juu utaelewa mara moja kwa nini mtu anaweza kuipenda kazi hii maisha yake yote. Kama moyo wako uko kwenye milango, basi pesa yako iende kwenye patasi na nyundo ya mbao. Kati ya vifaa viwili ninavyovilinganisha hapa, hakuna kitakachokusaidia.

Vifaa vyenyewe

Msumeno wa upinde ni fremu ya chuma yenye umbo la U, mpini upande mmoja, na bledi nyembamba iliyokazwa kati ya ncha zake mbili. Bledi ina urefu wa inchi 5, yaani milimita 130 hivi. Ni ndugu wa msumeno wa sonara: urefu wa bledi ni ule ule, na fremu ya sonara hubana bledi ya mbao bila shida. Ila fremu ya sonara haina kina. Ukijaribu kufika katikati ya ubao mpana, chuma cha nyuma kinagonga ukingo. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya nakshi huwa na kina cha sentimita 30 hivi.

Msumeno huu hautumiki hewani. Unafunga kipande cha ubao kwenye ukingo wa meza kwa klempu, kitokeze nje, na kiwe kimekatwa pengo la umbo la V. Nakshi inalala juu ya pengo, bledi inapita katikati yake, meno yakielekea chini. Mkono unavuta kwenda chini, na huko kuvuta ndiko kunakokata. Kaa kwenye kiti kifupi, kazi iwe karibu na usawa wa kifua, la sivyo mgongo utakulaumu kabla ya bega.

Skrolisoo hutumia bledi hiyo hiyo ya inchi 5, lakini ni mota inayoisukuma juu na chini mahali pamoja, kama sindano ya cherehani, na wewe ndiye unayesogeza na kuzungusha ubao juu ya meza. Safari ya bledi kwa kila pigo ni fupi, milimita 19 hivi kwenye mashine nyingi. Kasi hubadilishwa, kwa kawaida kuanzia mapigo 400 kwa dakika hadi 1,600 au 1,750. Mashine ndogo za nyumbani huwa na kina cha inchi 16, yaani milimita 406 kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma. Kubwa zaidi, kama DeWalt DW788, zina inchi 20. Nyingi hukata ubao wa unene wa hadi milimita 50, na meza yake huinamishwa hadi nyuzi 45 kwa mikato ya mshazari.

Wima, kisha matundu

Watu hudhani tatizo la mkono ni nguvu. Si nguvu, ni wima. Mashine ikishapimwa kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, kila mkato unasimama wima bila wewe kuufikiria. Mkononi, bledi ikilala kidogo tu, uso wa juu unafuata mstari vizuri huku uso wa chini ukiwa umekula ndani ya nakshi. Kwenye plaiwudi ya milimita 3 au 6 kosa hilo halionekani. Kwenye mvule wa milimita 20 linaonekana wazi, na kama unatengeneza mafumbo ya mbao ya watoto, ambayo kila kipande lazima kiingie na kutoka kwa kuteleza, basi fumbo zima linakwama. Kwa sababu hiyo naweka mpaka wangu kwenye milimita 8 hivi. Chini ya hapo mkono unatoa kazi isiyo na aibu yoyote mbele ya mashine. Juu ya hapo unaweza, lakini unahitaji miezi ya kuuzoeza mkono.

Sasa matundu. Kukata ukingo wa nje wa nakshi ni rahisi kwa kifaa chochote. Shughuli iko ndani. Kila nafasi ya ndani inataka hatua zilezile: toboa kitundu kwa keekee, fungua ncha moja ya bledi, ipenyeze, ikaze tena, kata, fungua, itoe. Kwa msumeno wa upinde, kukaza ni mwili mzima: unaegemeza fremu kwenye meza, unaisukuma kwa kifua ili ncha zisogeleane, unafunga skrubu, unaachia, na fremu ikijitanua bledi inakazika. Ukiipiga kwa kucha inapaswa kulia kwa sauti kali na safi. Ikitoa sauti nzito bado imelegea, na bledi iliyolegea hutangatanga. Kwenye mashine nzuri, mkono wa juu unainuliwa, bledi inapita, na wenzo mmoja wa kubana unamaliza kazi kwa sekunde chache.

Tofauti hiyo ni ndogo ukiihesabu kwa tundu moja. Ihesabu kwa kazi nzima. Neno KARIBU kwa herufi kubwa lina matundu manne tu ya ndani: moja la A, moja la R, mawili ya B. Kwa mkono utalimaliza jioni moja kwa raha zako. Lakini paneli ya nyota, safu kumi kwa kumi, ina matundu mia moja hata kabla hujaweka pambo la pembeni. Hapo msumeno wa upinde hugeuka kuwa kazi ya kufunga na kufungua skrubu, na nimewaona watu wenye vipaji wakiacha paneli ya namna hiyo nusu na wasiirudie tena. Walichoshwa na skrubu, hata raha ya kukata wasiipate.

Mashine ina faida nyingine kubwa kwa anayeuza. Bana plaiwudi nne za milimita 3 kwa utepe wa karatasi, zinakuwa ubao mmoja wa milimita 12, na ukikata mara moja unapata mapambo manne yanayofanana. Kwa mkono inawezekana, ila ule upotovu wa wima nilioutaja utafanya la nne lisifanane na la kwanza.

Mkono nao una yake, na siyataji kwa kuufariji. Unakata barazani, unakata usiku mtoto amelala, unakata umeme ukiwa umekatika. Kwenye kona kali unaweza kusimama kabisa, ukazungusha bledi papo hapo kwa mapigo madogo yasiyosonga mbele, kisha ukaendelea. Na mkono hukufundisha mbao. Unausikia ubao unapobadilika kutoka laini kwenda mgumu, unajua bledi imeanza kuwa butu kabla haijaanza kuunguza. Aliyeanza na mkono akahamia kwenye mashine huvunja bledi chache kuliko aliyeanza na mashine.

Usinunue mashine inayokubali bledi za pini tu

Kama utasahau kila kitu kingine, hili usilisahau. Bledi ziko za aina mbili. Moja ina ncha tupu, inabanwa kwa skrubu. Nyingine ina pini ndogo iliyopita kwa mlalo kwenye kila ncha, nayo unaining'iniza tu kwenye ndoano. Ya pini inaonekana rahisi, na mashine nyingi za bei ya chini huja nayo. Ubaya wake ni tundu: ili pini ipite, unahitaji kutoboa karibu milimita 5. Bledi ya ncha tupu hupita kwenye tundu la milimita 1 hadi 1.5. Nakshi yoyote yenye jicho dogo, kitone cha herufi, au mshipa wa jani haiwezekani kabisa kwa bledi ya pini, kwa sababu tundu la kuingilia tayari ni kubwa kuliko umbo unalotaka kulikata. Na bledi za pini hazina aina nyingi za wembamba.

Kuna mashine zinazokubali zote mbili. Hizo sina tatizo nazo. Ukienda kwenye maduka ya vifaa vya mtumba kutoka Ulaya, omba uone kibano cha bledi kwa macho yako, kifungue na kukifunga mwenyewe, kisha washa mashine uweke kiganja juu ya meza. Inayotikisika sana utailipia kila siku kwa mikato yenye mawimbi. Kidogo cha mtikisiko huondoka ukiifunga kwa bolti kwenye meza nzito.

Tahadhari hii inauhusu pia mkono: ule msumeno mfupi wa upinde wa maseremala, wenye bledi za pini za sentimita 16 hivi, ni mzuri wa kuunganishia pembe za mbao, lakini kina chake ni sentimita 12 hivi tu na bledi yake ni nene. Usiununue ukidhani ni huu ninaouzungumzia.

Bledi na mbao huamua zaidi ya jina la mashine

Mashine ghali yenye bledi mbovu hushindwa na fremu ya bei rahisi yenye bledi njema. Namba za bledi hupanda kadiri zinavyonenepa: 2/0 (nyembamba kuliko 1) na 1 kwa plaiwudi ya milimita 3, namba 3 kwa milimita 6 hadi 10, namba 5 au 7 kwa mbao ngumu za milimita 20. Zinauzwa kwa dazeni, na kuvunjika ni kawaida yake. Kampuni kama Pegas ya Uswisi, Niqua ya Ujerumani na Olson ya Marekani zina majina mazuri kwenye kazi hii. Kwa plaiwudi tafuta bledi yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu. Huzuia uso wa chini usichanike nyuzi. Bledi ya mzunguko, iliyosokotwa, hukata kila upande bila kuzungusha ubao, na inavutia anayeanza, lakini huacha mkato mpana na mbaya. Mimi naitumia tu pale ubao ni mrefu kuliko kina cha mashine.

Jambo moja huwashtua wanunuzi wapya wa skrolisoo: ubao ukiusukuma moja kwa moja, mkato unaenda upande. Mashine haijapinda. Bledi nyingi zikitengenezwa hubaki na ukali zaidi upande mmoja, kwa kawaida wa kulia, kwa hiyo unasukuma ubao kwa mshazari mdogo mpaka mstari utulie. Baada ya siku chache mkono unafanya hivyo wenyewe.

Kuhusu mbao, plaiwudi nzuri ndiyo rafiki wa nakshi nyembamba kwa vifaa vyote viwili, kwa sababu tabaka zake zimepishana na kidole chembamba cha nakshi hakikatiki kwa urahisi. Plaiwudi ya bei ya chini ina mashimo ndani ambayo hutayaona mpaka msumeno uyafikie. Mbao halisi ni nzuri kwa maumbo mazito: wanyama, majina, vipande vya marufaa, mafumbo. Mkangazi hukatika kwa upole. Msaji una silika, hufanya bledi kuwa butu haraka. Mvule wakati mwingine huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, na kijiwe kimoja kinatosha kumaliza bledi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kwa mkono, hata milimita 6 zake ni kazi ya subira kubwa, na kwa mashine punguza kasi la sivyo mkato utaungua. Utepe wa plastiki wa kufungia maboksi ukibandikwa juu ya mchoro husaidia kupunguza kuungua huko.

Umeme na vumbi

Skrolisoo ndogo hutumia wati 90 hadi 120. Kwa wati 100, uniti moja ya LUKU au ya tokeni inakupa saa kumi za kukata, kwa hiyo bili isikutishe. Kinachofaa kukutisha ni volti. Tanzania tuna volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Mashine iliyonunuliwa Uingereza, Oman au Dubai inafaa. Ndugu akikuletea kutoka Marekani, ile ya volti 120, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo haibadilishi hezi 50 kuwa 60, kwa hiyo baadhi ya mota zitazunguka polepole na kupata joto. Mwambie anunue bledi huko, mashine aiache.

Vumbi ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu watu hulidharau. Kati ya misumeno ya umeme, skrolisoo ni miongoni mwa zilizo salama zaidi kwa vidole: bledi ni ndogo na pigo ni fupi, ingawa bado inakata nyama. Ila inasaga mbao kuwa unga mwembamba, na kile kibomba kinachopuliza mstari usafike huurusha unga huo kuelekea usoni mwako. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha watu wengi. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, ina gundi yenye fomaldehaidi. Msumeno wa upinde hutoa unga mzito zaidi, mchache, unaodondoka miguuni. Mwenye pumu nyumbani kwake, au anayefanya kazi kwenye chumba anacholala, alipe hili uzito mkubwa katika uamuzi. Kwa mashine, vaa barakoa ya FFP2 au N95 kila mara, na fanyia kazi penye hewa.

Na vile vingine?

Jigsoo ya mkono, ile mafundi wa kabati wanayokatia tundu la sinki, haichukui nafasi ya yeyote kati ya hivi viwili. Bledi yake inashikwa juu tu, inapinda ndani ya mkato, na haiwezi kugeuka kwenye kona ndogo. Leza hukata plaiwudi nyembamba upesi mno na kwa usahihi, lakini huacha kingo nyeusi, inahitaji bomba la kutoa moshi, na mbao nene haiziwezi. Ni chombo cha biashara ya vipande vingi.

Iko njia ya kati ninayoipenda: mashine ya kukanyaga kwa miguu. Waingereza na Wamarekani walikata nakshi kwa mashine hizo kwenye karne ya 19, na mwenye meza ya zamani ya cherehani na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuigeuza. Mikono yote miwili inabaki huru kuongoza ubao, bledi inasimama wima, na umeme hauhusiki. Kwa kijiji kisicho na umeme naiona bora kuliko msumeno wa upinde.

Ninavyowashauri watu

Mwanafunzi, au yeyote asiyejua kama ataipenda kazi hii: msumeno wa upinde, bila kusita. Ukiona baada ya miezi kadhaa bado unautafuta kila jioni, ndipo uanze kuweka akiba ya mashine. Fremu haitapotea kazi, kwa sababu utairudia kila unapokuwa na mkato mmoja mdogo usiostahili kuwasha mota.

Anayetaka kuuza vibao vya majina, mapambo ya Idi na Krismasi, au paneli za taa: skrolisoo yenye kasi inayobadilika na vibano vya bledi tupu, hata kama ni ya mtumba. Kina cha inchi 16 kinamtosha, kwani paneli nyingi za kuuzika hazizidi hapo.

Anayetengeneza mafumbo na wanyama wa mbao nene kwa ajili ya shule za chekechea: mashine tangu siku ya kwanza. Kwake wima ndiyo bidhaa yenyewe.

Mstaafu mwenye muda, mikono isiyotetemeka na nyumba yenye wajukuu wadogo: upinde kwa plaiwudi, na kama vidole vina yabisi, mashine yenye swichi ya mguu, maana kukaza skrubu ndiko kunakoumiza vidole kuliko kukata.

Vyovyote utakavyochagua, siku ya kununua toka dukani na dazeni moja ya bledi namba 1, dazeni mbili za namba 3 na moja ya namba 5, biti za keekee za milimita 1 na 1.5, msasa wa 120 na 220, na gundi ya karatasi ya kubandikia michoro. Bledi za mazoezi zitumie kwenye vipande vya mabaki vya unene ule ule wa kazi unayoikusudia.